Kufuli Alilofunga Najim

Siku zote za ndoa yao Shamsia hakupata kugombana na mumewe kama alivyogombana naye asubuhi ile ya Jumatano, na Najim alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Marehemu hasemwi ila kwa wema. Ndivyo tulivyofundishwa sote, lakini waliotufundisha hawakuwahi kukaa mbele ya kompyuta inayowaambia kwamba ruhusa imekataliwa, ndani ya duka lao wenyewe, kwenye kiti chao wenyewe.

"Najim," alisema kwa sauti, "mimi ulinioa au ulinipangisha?"

"Mama, unasema na nani?" Mina aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

Mina alikuwa binti yake wa pekee, na wiki ile alikuwa mwali. Kesho Alhamisi angesuguliwa singo, ule msuguo wa manukato wa bibi harusi, Ijumaa baada ya swala angeozwa, na mpaka hapo hakuruhusiwa kuvuka pazia linalotenga duka na nyumba. Duka lenyewe ni chumba cha mbele tu: mashine ya kutoa kopi, kiti cha kupigia picha za pasipoti, rimu za karatasi, kalamu na bahasha. Watu wa Bagamoyo wanapaita kwa Mwalimu Najim mpaka leo, ingawa mwalimu hayupo na darasa la kompyuta lilishafungwa.

"Nasema na baba yako."

"Anasemaje?"

"Amekataa."

Zilizokataliwa zilikuwa nyimbo za Bi Hajra. Bi Hajra, mama yake Shamsia, alikuwa kungwi, mzaliwa wa Mkange, na nyimbo zake za singo alizirithi kwa bibi yake huko huko Mkange, nyimbo ambazo mjini hakuna aliyeweza kuzianzisha isipokuwa yeye. Alipoona kifua kinaanza kumbana, na wasichana wa siku hizi wanasuguliwa singo kwa spika ya kukodi na muziki wa kwenye simu, alikubali kuimba na wenzake mbele ya kompyuta ya mkwewe. Alitoa sharti moja: mwanamume asizisikie. Zile ni nyimbo za ndani, zina mambo yake, na zikishafika masikioni mwa wanaume zinageuka kichekesho cha barazani. Najim alitega kipaza sauti, akamwonyesha Shamsia pa kubonyeza, akatoka zake nje.

Miezi michache baadaye Bi Hajra akafariki. Shamsia hakuweza kuzisikiliza zile nyimbo. Kila alipoikaribia ile mashine aligeukia njiani. Akajiambia atazisikiliza siku ya Mina, akiwa na furaha ya kumsaidia kubeba ule uchungu. Halafu Najim naye akaondoka, ghafla, moyo, mtu aliyeaga vizuri akaenda swala ya alasiri. Kompyuta ile ya zamani ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa likawekwa boksi la bahasha.

Sasa kitambaa kimefunuliwa, mashine imewaka vizuri, na faili la nyimbo lipo. Ila halifunguki. Ilikuwa mashine ya maandishi matupu, kioo cheusi na herufi nyeupe, haina vipicha vya kubonyeza. Kila kitu unaiambia kwa kuandika. Shamsia aliandika amri ya kucheza nyimbo, ikamjibu kwamba hana ruhusa. Hapo hakushtuka sana. Aliandika amri ya kubadili ruhusa, ile inayoitwa chmod, ambayo yeye na Najim waliwafundisha vijana miaka na miaka. Mashine ikamjibu kwamba hata hiyo amri yenyewe hana ruhusa ya kuitumia.

Hapo ndipo alipoanza kugombana na marehemu. Kufunga mlango ni jambo moja. Huyu alikuwa amefunga mlango, kisha ufunguo nao akaufungia! Neno la siri la msimamizi wa mashine, ambalo lingefungua vyote viwili, Najim alikuwa amekwenda nalo.

Akampigia simu Ridhiwani, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta Dar.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nina shida na mashine ya mjomba wako."

Ridhiwani alisikiliza, akacheka. "Hiyo simpo, shangazi. Saa sita nipo hapo. Natoa diski, naichomeka kwenye mashine yangu, faili hilo hapo. Nasikiliza kidogo tu nijue kama liko fresh, basi, nakukabidhi."

Shamsia alimwambia aje. Wala tusimlaumu, mtu aliyebanwa hana haya. Lakini kabla Ridhiwani hajapanda hata gari, aliingia Bi Shufaa kutoka Mkange, kikapu mkononi, kanga ikinukia liwa na karafuu na waridi kavu. Bi Shufaa ndiye aliyekuwa mwenzake Bi Hajra katika kila singo kwa umri wao wote, na yeye ndiye angemsugua Mina.

"Nimesikia huko mlangoni," alisema baada ya salamu, kabla hata ya kukaa. "Mwanamume anakuja kusikiliza nyimbo za mwenzangu?"

"Kidogo tu, mama. Ni Ridhiwani, mtoto wetu."

"Ridhiwani nilimwogesha mimi alipozaliwa, na mwanamume alikuwa tangu siku ile. Akizisikia, narudi Mkange na singo langu kikapuni."

"Basi mama, uimbe wewe! Si ulikuwapo siku zote?"

Bi Shufaa aliweka kikapu chini. Uso ulimlegea, na kwa mara ya kwanza Shamsia aliona jinsi alivyozeeka.

"Mimi nilikuwa mwitikiaji, mwanangu," alisema. "Hajra anaanzisha, mimi naitikia. Ukinianzishia nitaitikia mpaka kuche. Kuanzisha siwezi. Tangu afe nimejaribu peke yangu shambani, napata neno moja, la pili linanikimbia. Mimi nami nilikuwa naitegemea hiyo mashine yenu."

Shamsia akampigia tena Ridhiwani, akamwambia asije. Kisha akageuza ubao wa dukani upande wa "Tumefunga", akakaa mbele ya kile kioo cheusi, amekunja ndita kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Kama si yeye, basi kesho Mina atasuguliwa kwa spika ya kukodi, na nyimbo za Mkange zitakuwa zimekwisha, na zitakuwa zimekwishia mikononi mwake.

Alianza kwa kulitazama faili lenyewe, kwa ile amri inayoonyesha kila faili na ruhusa zake na jina la mwenyewe. Penye herufi za ruhusa palikuwa na vistari vitupu: mwenyewe hana, kundi halina, watu wengine hawana. Halafu jina la mwenye faili. Alitarajia kuona najim. Palikuwa pameandikwa shamsia.

"Ndiyo kwanza," alisema. "Kanifungia nje, halafu kaniandika mwenye nyumba."

Na jina la kundi lilikuwa neno moja: sisi.

Lilimrudisha Dar es Salaam, kwenye chuo kidogo cha ghorofani ambako wanafunzi wote walitumia mashine moja kubwa, kila mtu na jina lake na chumba chake cha mafaili. Yeye alikuwa msichana wa Bagamoyo mwenye ushungi mweupe na ulimi mkali. Najim alikuwa kijana mrefu mwenye viatu vilivyopigwa rangi mpaka kwenye nyuzi. Hawakuthubutu kusimama pamoja nje. Basi Najim akaanza kumwandikia barua ndani ya mashine. Shida ikawa moja: ukimfungulia faili mtu asiye mwenyewe, unalifungulia kundi zima, na kundi lilikuwa darasa zima. Barua ya kwanza ilisomwa na watu wote, mpaka mlinzi akawa anamwita Shamsia "ua la ghorofa ya pili". Najim akaenda kwa mwalimu kuomba aundiwe kundi jipya la watu wawili tu, jina lake sisi. Mwalimu akauliza la nini. Najim akasema la mazoezi ya vitendo. Mwalimu, Mungu amrehemu, akaandika, akawaambia wakimaliza mazoezi wasiache kumwalika.

Walimwalika. Alikula pilau sahani mbili.

Na kila mashine waliyokuwa nayo tangu hapo, hata ile ya mkopo ya Kerege walipoanza kufundisha kando ya barabara, Najim aliweka kwanza kundi lile. Kule Kerege ndiko wanafunzi walikoshindwa kulitamka chmod, wakaliita Chimodi, kana kwamba ni mzee fulani wa Kikwere mwenye mashamba yake bara. "Mwalimu, Chimodi amekataa!" Na Najim alikuwa akifundisha somo lile hivyo hivyo, kwa Chimodi. Shamsia alimwona amesimama mbele ya ubao, chaki sikioni, shati lile la mikono mifupi alilokuwa akilipenda, na alimtamani kwa nguvu hata akashika ukingo wa meza.

"Chimodi si mwenye nyumba," Najim alikuwa akiwaambia. "Chimodi ni mshenga. Kazi yake ni kwenda kwa kiini cha mfumo, ndicho kinachoamua kila kitu ndani ya mashine, na kupeleka maneno. Sasa niambieni, baba wa binti anamtoa binti kwa sababu ya mshenga?"

"Hapana!"

"Anatazama nini?"

"Aliyemtuma!"

"Basi kiini nacho hivyo hivyo. Kinauliza swali moja: aliyekutuma ndiye mwenye faili? Kama ndiye, ruhusa inabadilika. Maneno yenyewe ni yale yale, ule wito wa mfumo, na programu yoyote inaweza kuupeleka. Mshenga akiugua, posa haifi. Unatuma mwingine."

Shamsia aliachia ukingo wa meza. Alikuwa amelisikia somo lile mara ngapi, akipita nyuma ya darasa na birika la chai, na hakuna siku alilisikiliza, kwa sababu alilijua.

"Mina!" aliita. "Mwambie Bi Shufaa asiondoke!"

"Bi Shufaa amelala, mama. Anakoroma."

Amri ya chmod ilikuwa imefungwa na msimamizi, na hilo asingeweza kulitengua. Lakini faili lilikuwa lake. Alihitaji tu mshenga mwingine, na angemtengeneza mwenyewe. Alifungua ukurasa mtupu akaanza kuandika programu kwa lugha ya C, lugha ambayo hakuigusa tangu Mina anaota meno. Vidole vilisitasita. Alisahau nukta mkato, mashine ikamkemea. Akasahau mabano, ikamkemea tena. Akaijibu maneno ambayo singeyaandika hapa. Programu yenyewe ilikuwa fupi kuliko orodha ya kwenda sokoni: uite wito wa chmod, uutajie jina la faili, uutajie namba ya ruhusa. Namba ni tarakimu tatu, ya mwenyewe, ya kundi, ya wengine. Nne ni kusoma. Alitaka mwenyewe asome na wengine wasipate kitu, akaandika mia nne.

Akaipitisha kwenye kitafsiri kinachoigeuza iwe lugha ya mashine, akaituma. Mashine haikusema kitu, na kompyuta ya namna ile ikinyamaza ni heri. Akatazama faili. Palikuwa na herufi sasa! Lakini si zile alizotaka. Mwenyewe amepewa kusoma na kuandika. Kundi limepewa kuandika, lakini kusoma halikupewa.

Kundi, yaani sisi, yaani yeye na Najim. Mume wake amepewa ruhusa ya kuandika juu ya nyimbo asizoruhusiwa kuzisikia. Shamsia alicheka mpaka akatoa miwani, kisha kicheko kikamgeukia njiani, akalia kidogo, akapenga kamasi, akarudi kazini. Alijua kosa lake. Ni lile ambalo kila mwanafunzi wa Kerege alilifanya na yeye akawacheka: namba ile lazima itanguliwe na sifuri. Bila sifuri ya mbele mashine inaihesabu kwa makumi, kama muuza duka, badala ya kwa nane nane, na inatoka namba nyingine kabisa. Akatia sifuri, akatuma tena. Mwenyewe, kusoma. Wengine wote, vistari.

Hakusikiliza. Alikuwa na haki, na mikono ilimwasha, lakini alizima mashine akaifunika. Zile nyimbo hazikuimbwa ili mtu azisikilize peke yake.

Alhamisi alasiri walitandika mikeka chumba cha ndani, wakafunga madirisha, wakamfukuza hata paka kwa kuwa alikuwa dume. Walikuwapo wanawake wa mtaani, mashangazi wa Mina, na Bi Shufaa katikati, bakuli la singo mbele yake, mikono imelowa hadi viwiko. Mina alikaa kwenye kigoda, kanga kifuani, macho chini. Mashine ilikuwa pembeni juu ya stuli na spika zake mbili. Shamsia aliandika amri, akabonyeza.

Kwanza ulisikika mvumo. Kisha Bi Hajra akakohoa, akasema, "Bismillahi," na akaanzisha.

Mwali wetu mwanangu, toka uje nikuone.

Na Bi Shufaa, mkono wake ukiwa begani kwa Mina, akaitikia, kwa sauti iliyopasuka lakini iliyofika mahali pake sawasawa, kana kwamba mwenzake amekaa upande wa pili wa kigoda. Kwenye mashine nako Bi Shufaa wa zamani aliitikia, mwenye sauti nzima, na wale wawili wakaenda pamoja. Nyimbo zile zina maneno ambayo mimi msimulizi, hata kama ningeyajua, nisingeyaandika. Inatosha kusema kwamba mashangazi walipiga vigelegele, kwamba Mina alicheka kwa aibu akajificha uso, na kwamba Shamsia aliimba mpaka shingo ikamuuma. Mama yake alikuwa mle chumbani. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Kwenye mashine vikasikika vigelegele vya siku ile, viti vikisogezwa, wanawake wakiaga, na sauti ya Shamsia mwenyewe ikisema anawasindikiza wageni hadi njiani. Alinyosha mkono azime. Bi Hajra akaita kutoka kwenye spika:

"Najim! Njoo uzime mtambo wako, wamekwenda."

Mkono wa Shamsia ukabaki hewani. Kwenye mashine mlango ulilia, miguu ikaingia.

"Umeshafunga?" Bi Hajra aliuliza.

"Nafunga sasa hivi, mama." Ilikuwa sauti yake Najim, ile ya upole aliyoiweka kwa wakwe na wakaguzi wa elimu. "Nitaliandika faili kwa jina la Shamsia, na mimi sitasikiliza. Nimekuapia."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Kufuli lisilo na ufunguo nimeliona wapi? Kungwi akifunga mkoba wake, ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Huo wako nao ufungwe."

Ikasikika pumzi ikivutwa, pumzi ya mwalimu aliyefikiria kueleza habari za Chimodi kwa mama mkwe, kisha akakumbuka kwamba mkwe habishiwi.

"Sawa, mama. Na ufunguo nitaufunga."

"Huyo Shamsia wako msahaulifu. Atafunguaje?"

"Msahaulifu, ndiyo." Najim alicheka kidogo, puani, alivyokuwa akicheka. "Lakini akikuta kumefungwa atakasirika, na Shamsia akikasirika anakumbuka kila kitu. Darasani alinipita, mama. Wala sijapata kumwambia. Nawe usimwambie, hapatakalika naye humu ndani."

Bi Hajra alicheka mpaka akakohoa. "Haya, zima."

Sauti zikakatika. Singo lilidondoka kutoka vidoleni mwa Bi Shufaa likaingia bakulini. Shamsia alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yalikuwa yakimtikisika, na Mina, mwali asiyepaswa kusimama, alikuwa amesimama.

"Rudisha hapo mwisho," alisema Bi Shufaa.

"Ni sauti ya mwanamume, mama," Shamsia alisema ndani ya viganja vyake.

"Nimesikia. Rudisha."

Shamsia akajifuta kwa upindo wa kanga, akarudisha.